A, B, D, E au C: uanzie leseni gani hapa Dar es Salaam?

Jumapili moja mpwa wangu alikuja kunitembelea Tabata, mkononi kashika bahasha ya fomu za shule ya udereva. Hata kiti hajakalia vizuri, swali likamtoka.

"Shikamoo mjomba. Wameniuliza nataka daraja gani, nikabaki nimewatolea macho. Kwani gari si gari tu?"

"Marahaba. Gari si gari tu. Kaa kwanza."

Tulikaa mpaka magharibi. Kijana ana miaka ishirini. Rafiki yake kamwahidi pikipiki ya mkataba. Baba yake mdogo ana kirikuu inayobeba mizigo Kariakoo na anatafuta dereva. Na yeye mwenyewe, tangu yuko shule ya msingi, hana ndoto nyingine zaidi ya kushika usukani wa basi la mkoani. Hayo ni mambo matatu, na kila moja lina leseni yake. Tatizo lake si lake peke yake, kwa hiyo nimeyaandika yale tuliyoyapima siku ile.

Vigezo kabla ya herufi

Usianze na herufi. Anza na maswali manne, halafu herufi itajileta.

La kwanza ni chombo chenyewe. Kina magurudumu mangapi, injini ya ukubwa gani, kinabeba abiria wangapi au mzigo wa uzito gani? Majibu yako kwenye kadi ya gari. Maneno ya dalali weka kando.

La pili ni kazi ya chombo, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Angalia kibao cha namba: cha njano ni gari binafsi, cheupe ni la biashara. Toyota IST mbili zinaweza kutoka meli moja, zikafanana mpaka mikwaruzo, lakini yenye namba nyeupe ikibeba abiria wa kulipa inadai daraja lingine kabisa. Usukani ni uleule, sheria si ileile.

La tatu naliita ngazi. Je, daraja hili linadai uwe umekaa kwenye daraja jingine kwanza, kwa miaka mingapi? Na lenyewe linakupeleka wapi baadaye?

La nne ni gharama ya kukosea. Faini ya trafiki ndiyo inayotajwa sana vijiweni, ila mimi naiona ndogo. Kubwa ni bima. Mikataba ya bima humtaka dereva awe na leseni inayolingana na gari analoendesha. Ukigonga huku daraja lako halilingani, umeipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa, na tajiri mwenye gari atakugeukia wewe.

Hatua za mwanzo hazitofautiani sana, kwa hiyo sizipi nafasi kubwa: leseni ya kujifunzia, ambayo ndiyo daraja H, mafunzo shuleni, mtihani mbele ya askari wa usalama barabarani, namba ya mlipakodi, kisha TRA kwa picha, alama za vidole na malipo. Kadi moja inaweza kubeba madaraja kadhaa. Bajeti ya mwaka 2019/20 iliongeza uhai wa leseni kutoka miaka 3 hadi 5 na kupandisha ada kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000, kwa hiyo ukipanga madaraja yako vizuri tangu mwanzo unapunguza safari za kurudi dirishani.

Jambo moja kabla hatujaingia ndani: mpwa wangu alikuwa ameangalia video za Nairobi. Kenya D ni ya magari ya abiria na C ni ya malori. Kwetu C ndiyo ya abiria, D ni ya magari mepesi ya kazi. Ukisoma kwa herufi za jirani utajikuta umelipia mafunzo usiyoyahitaji.

Familia ya A: pikipiki na bajaji

Chombo. Mstari unapita kwenye cc 125 au uzito wa kilo 230. Pikipiki iliyo juu ya hapo ni A. Iliyo chini, isiyo na kitoroli cha pembeni, ni A1. Bajaji, guta la injini na vyombo vya magurudumu manne vya jamii hiyo viko A2. Vile vidogo visivyozidi cc 50 ni A3, na sijawahi kukutana na mtu kijiweni anayekihangaikia.

Uzuri au ubaya wa mstari huu ni kwamba unakata kijiwe katikati. TVS HLX 125 ina cc 124 na ushei, kwa hiyo iko A1. Boxer 150 iliyoegeshwa pembeni yake ina cc 144 na ushei, hiyo ni A. Vijana wanabadilishana pikipiki asubuhi na jioni kama kofia, na mwenye A1 anapanda Boxer 150 bila kujua amevuka mstari. Kama huna hakika utapewa ipi, chukua A moja kwa moja.

Kazi. Hakuna njia ya haraka kuliko hii ya kuanza kupeleka hesabu, ile pesa ya kila siku kwa mwenye chombo. Ndiyo sababu imejaa.

Ngazi. Hapa ndipo penye ukweli usiopendeza: miaka yako ya bodaboda haihesabiki kuelekea gari. Unaweza kuwa bingwa wa foleni ya Buguruni kwa miaka kumi, ukifika kwenye D unaanza kama aliyetoka kijijini jana. Na kinyume chake ni kweli pia. B, D na E zote zinaacha pikipiki nje, hivyo dereva wa Scania hana ruhusa ya kupanda bodaboda ya shemeji yake kwenda dukani.

Kukosea. Mwaka 2021 serikali ilishusha faini za pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Wapo walioichukulia kama ruhusa. Abiria akivunjika mguu, 10,000 haitakuwa hoja tena.

Inamfaa anayetaka kuingiza pesa mwezi huu, au anayetaka chombo cha kumpeleka kazini. Kama una ndoto ya gari, ichukue, lakini usiiache ikiwa peke yake kwenye kadi.

B: gari la kutembelea

Chombo. Gari binafsi: IST, Noah ya familia, Prado ya mheshimiwa. Haihusu pikipiki, magari ya biashara, magari mazito wala ya abiria.

Kazi. Kusema kweli, hakuna. B ni leseni ya mwenye gari, au ya mke, mume, mtoto wa mwenye gari. Simaanishi kuidharau, watu wengi mjini hapa hawataki zaidi ya kufika Posta na kurudi Kimara salama, na B inawatosha mpaka uzeeni.

Ngazi. Hapa nina kidonda changu. Nilichukua B mwaka 2011. Nikaendesha gari la kaka yangu miaka sita, mvua na jua, mara mbili mpaka Moshi kuhani msiba. Siku nilipopata nafasi ya udereva wa pikapu kwenye kampuni moja, aliyenisaili alipokea leseni yangu, akaigeuza, akanirudishia. "Ndugu yangu, D iko wapi?" Sikuwa nayo. Miaka sita ile ilikuwa imenifundisha kuendesha, lakini kwenye kadi haikuandika kitu. Vijana niliosoma nao shule ya udereva, waliochukua D siku ileile niliyochukua B, walikuwa tayari wanashika kosta.

Kukosea. Makosa ya B huwa ya huruma: jirani anakuomba umpelekee mzigo wake na kirikuu yake yenye namba nyeupe kwa sababu dereva kaugua. Unakubali. Pale umetoka nje ya daraja lako.

Inamfaa anayejua kwa hakika kwamba hatalipwa kwa kuendesha.

D: gari jepesi la kazi

Chombo. Magari yote isipokuwa pikipiki, magari mazito na ya abiria. Ukiisoma vizuri utaona kwamba kirikuu ya mizigo, pikapu ya kampuni na gari la ofisi viko ndani, na gari binafsi pia halikuachwa nje.

Kazi. Hii ndiyo leseni ya tangazo la "anatafutwa dereva". Ofisi, maduka ya jumla, wasambazaji wa maji na gesi, wote wanaanzia D. Mshahara si wa kujivunia, lakini kazi ni ya mchana na unalala kwako.

Ngazi. D ndiyo mlango wa ngazi yote. C1 na C2 zinataka uwe umeshika D kwa muda usiopungua miaka 3. Miaka hiyo inahesabiwa tangu D ilipoandikwa kwenye leseni. Siku uliyojua kuendesha haimo. Mtu mwenye miaka 20 akiichukua leo, hata kama gari hana, saa yake tayari inatembea. Ila niseme hili kwa haki: saa ya karatasi na mkono ni vitu viwili. Ukikaa miaka 3 bila kugusa usukani halafu ukaenda kuomba daraja la abiria, mtihani utakuumbua, na usipokuumbua mtihani, mteremko wa Kitonga utakuumbua. Tafuta gari la mtu, hata la kuosha na kusogeza uani.

Kukosea. Mwenye D hujaribiwa na vitu viwili. Cha kwanza ni kubeba abiria "mara moja tu", kwa mfano gari la kanisa la kukodi au Noah ya wanafunzi. Cha pili ni Canter na Fuso, maana ukizitazama haraka unaziona kama pikapu iliyonenepa. Soma uzito kwenye kadi ya gari kabla hujakubali.

Inamfaa karibu kila kijana ambaye hajui bado anataka kuwa dereva wa nini. Si kwa sababu ni bora kuliko B, bali kwa sababu haikufungii kitu.

E: mzigo mzito

Chombo. Magari yote isipokuwa pikipiki na ya abiria. Fuso, Scania, semi trela zinazopanga foleni Barabara ya Mandela kutoka bandarini.

Kazi. Pesa ya safari. Kutoka Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na dereva wa semi anayevuka kwenda Zambia au Kongo anaweza kukaa wiki kadhaa nje, nyingi zikiishia kwenye foleni ya mpakani. Anaongea na watoto kwa simu. Wapo wanaoipenda hiyo hali. Nina rafiki anasema akikaa nyumbani siku nne mgongo unaanza kumuuma.

Ngazi. Unaijia kutokea D, na wengi wanaojua kazi kwa dhati walianza kama utingo, wakijifunza kufunga turubai na kusikiliza breki kabla ya kukabidhiwa usukani. Uzuri wake ambao wengi hawaujui: E inahesabika kuelekea C. Mtu aliyeshika E kwa miaka 3 anaweza kuomba daraja la basi kubwa bila kupitia daladala.

Kukosea. Hapa hakuna kosa dogo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inayabana magari mazito na mabasi kwenye kilomita 80 kwa saa hata pale magari madogo yanapoachiwa, na 50 kwenye makazi. Mzigo wa tani nyingi hausimami kwa sababu umekanyaga breki.

Inamfaa mwenye subira, asiyeogopa upweke, na ambaye familia yake imekubali mpango huo mapema.

Familia ya C: abiria

Hii ndiyo iliyotuchukua jioni nzima, maana ndani yake kuna madaraja manne na mipaka yake inapita katikati ya magari tunayopanda kila siku.

Chombo. C3 ni gari la abiria wasiozidi wanne bila dereva: teksi, pamoja na zile za kuitwa kwa simu. C2 inapanda hapo hadi chini ya abiria 15. C1 inaanzia 15 hadi chini ya 30. C yenyewe ni 30 na kuendelea.

Sasa chukua kipanya, Hiace ile ya daladala. Kuna iliyosajiliwa abiria wachache kuliko 15 na kuna iliyoongezwa viti ikafika 15 au 16. Ya kwanza ni C2, ya pili ni C1, na kwa nje huzitofautishi. Kosta nayo inacheza karibu na 30. Ikifika 30 kwenye kadi, C1 yako haikutoshi. Kwa hiyo dereva wa abiria asikubali gari kwa kulitazama. Aombe kadi, asome idadi, ndipo aulize hesabu ni shilingi ngapi kwa siku.

Kazi. Daladala ni hesabu ya tajiri kwanza, mafuta ya pili, konda wa tatu, wewe wa mwisho. Siku ya mvua Mbagala wewe ndiye mfalme. Siku barabara imefungwa unapeleka hesabu pungufu na kusikiliza maneno. Teksi ina uhuru zaidi, ila unakaa na mafuta yako mwenyewe. Basi la mkoani, linaloondoka stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri, lina heshima yake, sare yake, na macho ya abiria hamsini kisogoni mwako.

Zaidi ya leseni kuna mambo mengine. Shule za udereva hutoa mafunzo ya PSV, yaani ya magari ya abiria. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Mabibo na VETA ni majina ambayo waajiri wanayatambua bila kuuliza maswali. Na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, inasajili na kuthibitisha madereva wa vyombo vya biashara. Leseni pekee haimalizi safari.

Ngazi. D miaka 3, ndipo C2 au C1. C1 au E miaka 3, ndipo C. Piga hesabu: kutoka siku ya D mpaka basi kubwa kupitia C1 ni miaka 6 kwa uchache, na hiyo ni kama hukupoteza hata mwezi. Mpwa wangu alinyamaza aliposikia. Akahesabu kwa vidole. "Nitakuwa na ishirini na sita." Nikamwambia atafika ishirini na sita hata akikaa barazani.

Kukosea. Mtego wa Dar ni udeiwaka. Dereva anachoka saa nane mchana, anamkabidhi kijana wa kituoni azungushe tripu mbili. Kijana ana D, pengine ana B tu, pengine hana chochote ila mkono mzuri. Nimekaa kwenye kosta miaka minne na nimeona deiwaka wazuri kuliko madereva wenye gari. Lakini siku mtoto wa shule anaposukumwa mlangoni, hakuna anayeuliza mkono wake ulikuwa mzuri kiasi gani.

Inamfaa mtu anayeweza kuvumilia watu. Gari utalizoea, abiria anayegonga bati akitaka kushuka pasipo na kituo ni somo la kila siku.

Kuna pia G ya matrekta na mitambo ya mashamba na migodi. Kwa mtu wa Dar haina haraka, isipokuwa kama una kazi inayokusubiri Kilombero au Geita.

Kwa hali yako

Kama una gari lako na ajira yako nyingine, B inatosha. Usishawishiwe kulipia mafunzo ya kosta.

Kama una njaa ya leo na pikipiki ya mkataba inakusubiri, chukua A, na ukiweza unganisha na D kwenye kadi hiyohiyo. Ndivyo mpwa wangu alivyoamua: asubuhi bodaboda, Jumamosi kirikuu ya baba mdogo. Tulikubaliana fomu ijazwe A na D, B akaiacha.

Kama unatafuta ajira ya udereva na hujui ya nini, D.

Kama unapenda mzigo na safari ndefu, D kisha E. Kama baadaye utachoka na mipaka na kutaka basi, E haijakupotezea muda.

Kama unataka abiria, anza D, na ndani ya miaka ile 3 fanya kozi ya PSV taratibu badala ya kusubiri mwisho. Anayelenga teksi aishie C3. Anayelenga daladala aulize kwanza magari ya njia anayoitaka ni vipanya au kosta.

Kama wewe ni tajiri unayeajiri, geuza leseni usome madaraja na tarehe zake, kisha weka kadi ya gari pembeni yake na ulinganishe idadi ya abiria au uzito. Ni dakika mbili.

Na kama una B ya miaka mingi kama mimi wa enzi zile, na umeanza kuwaza kuendesha kwa malipo, kaongeze D wiki hii. Ile miaka ya nyuma hawatakuhesabia.